Prosesa Inasingiziwa: Gemu za Kompyuta kwenye Mashine za ARM

Mtu ananunua laptopu mpya yenye prosesa ya ARM. Ameambiwa haichemki, haipigi kelele, na chaji yake hudumu. Anafungua maktaba yake ya gemu na kupakua tatu. Ya kwanza inacheza kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ya pili inafunguka lakini inakwamakwama. Ya tatu inakataa katakata, hata dirisha halitokei. Anatoa hukumu: ARM haifai kwa gemu. Mwenzake mwenye mashine ileile, ambaye gemu yake ni ile ya kwanza tu, anabisha kwamba hakuna tatizo lolote. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Wamefunga matatizo matatu tofauti katika furushi moja, kisha juu yake wakaandika jina la prosesa.

Tulifungue furushi hilo taratibu, tukianza na maneno, maana nusu ya mkanganyiko imejificha humo.

Prosesa ni chipu inayotekeleza amri za programu. Amri zenyewe ni vijambo vidogo mno: jumlisha namba hizi mbili, chukua kilichopo hapa ukiweke pale, linganisha, ruka hadi mahali fulani. Vita vyote, magari yote na majoka yote unayoyaona kwenye skrini ni mabilioni ya vijambo hivyo. Sasa, kila familia ya prosesa ina orodha yake ya amri inazozijua, na namna yake ya kuziandika kwa namba. Orodha hiyo pamoja na kanuni zake ndiyo huitwa usanifu. Mimi nitaiita lugha, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi. Faili ya gemu unayopakua imekwisha kuandikwa kwa lugha ya prosesa fulani, na prosesa ya familia nyingine ikijaribu kuisoma inaona takataka tupu.

Lugha zinazotuhusu ni mbili. x86 ilianza na chipu ya Intel 8086 mwaka 1978, ikaenea kupitia kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 iliyotumia ndugu yake, 8088. Mwaka 2003 kampuni ya AMD iliipanua kufikia biti 64, yaani upana wa namba ambazo prosesa hushughulikia kwa mara moja, na upanuzi huo ndio unaotumiwa mpaka leo na Intel na AMD wenyewe. ARM ilianzia Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn, ambako Sophie Wilson na Steve Furber walibuni prosesa nyepesi. Chipu ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1985. Ikaja kutawala simu. Kisha mwishoni mwa 2020 Apple wakaanza kuiweka kwenye kompyuta zao kwa jina la M1, na mwaka 2024 zikafuata laptopu za Windows zenye Snapdragon X. Muda wote huo, watengenezaji wa gemu za kompyuta walikuwa wanaandikia x86.

Kuna dhana mbili za kuondoa njiani mapema. Moja inasema ARM ni ya simu, kwa hiyo haina nguvu. Mwezi Juni 2020 kompyuta kuu ya Fugaku ya Japani ilishika namba moja duniani kwa kasi, na prosesa zake ni za ARM. Lugha haina misuli. Misuli ni ya chipu. Nyingine inasema kwa kuwa pande zote ni biti 64, basi zinaelewana. Vitabu viwili vyenye kurasa za upana sawa haviwi vya lugha moja kwa sababu hiyo.

Mkalimani, na mkalimani mwenye daftari

Kiswahili kinatenganisha mtafsiri na mkalimani. Mtafsiri hushika maandishi, akatulia nayo, akatoa maandishi mengine. Mkalimani husimama katikati ya wazungumzaji na kugeuza maneno papo hapo. Katika maongezi ya kawaida tunayachanganya maneno haya bila madhara. Hapa tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama gemu itachezeka.

Emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya aina nyingine, kwa mtindo wake wa kizamani ni mkalimani. Inasoma amri moja ya x86, inajiuliza maana yake, inatekeleza kazi inayolingana kwa lugha ya ARM, inasogea kwenye amri inayofuata. Amri moja ya upande wa kwanza inaweza kugharimu makumi ya amri za upande wa pili. Mbaya zaidi, mkalimani huyu hana kumbukumbu: kipande kinachorudiwa mara milioni kinafasiriwa mara milioni. Kwa mashine za gemu za miaka ya themanini njia hii inatosha. Kwa gemu inayotaka fremu 60 kwa sekunde, yaani kila picha iwe tayari ndani ya milisekunde 16 na ushei, haitoshi hata kidogo.

Ndipo akaja mkalimani mwenye daftari. Huyu akikutana na aya kwa mara ya kwanza, anaigeuza yote, anaiandika, na aya ileile ikitokea tena anasoma alichokwisha kuandika. Programu kama Box64 na FEX kwenye Linux, na Prism iliyo ndani ya Windows 11, hufanya kazi kwa mtindo huu. Kwa sababu gemu hurudia mambo yaleyale kila fremu, baada ya muda sehemu kubwa ya kazi huwa tayari imo daftarini, katika lugha ya ARM, ikikimbia kwa kasi ya kawaida ya chipu au karibu yake.

Rosetta 2 ya Apple ilikwenda hatua moja mbele, ikawa mtafsiri. Unapofungua programu ya x86 kwa mara ya kwanza, inageuza faili nzima na kuhifadhi tafsiri kabla ya kuanza. Mkalimani wa papo hapo hubaki pembeni kwa ajili ya programu zinazojiandikia amri mpya zikiwa tayari zinakimbia, kwani hayo huwezi kuyatafsiri kabla hayajaandikwa.

Hapa tunapata maelezo ya lalamiko moja maarufu. Ukiingia eneo jipya gemu inakwama kidogo, ukirudi baadaye haikwami: huenda huyo ni mkalimani aliyekuwa anaandika daftarini. Nasema huenda, kwa sababu kadi ya michoro, chipu inayochora picha za skrini, nayo ina maandalizi yake ya kwanza, na kukwama kwa namna hiyohiyo hutokea hata kwenye kompyuta za x86 ambazo hazina mkalimani yeyote.

Lakini jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo kwangu ndilo kiini cha mada nzima, ni kwamba si kila kitu kinapita kwa mkalimani. Fikiria mgeni aliyeingia benki akiwa na mkalimani wake. Mkalimani anageuza ombi: "Anataka kutuma fedha." Baada ya hapo karani anaingia ofisini, anafungua vitabu, anapiga hesabu, anashauriana na wenzake, yote kwa lugha yake mwenyewe. Mgeni anapokea risiti. Ugeni wake uliathiri sentensi chache tu za dirishani.

Gemu nayo ni mgeni wa namna hiyo. Ikisema "chora pembetatu hizi laki moja", ombi ndilo linalofasiriwa. Kazi ya kuchora inafanywa na kadi ya michoro, ambayo haijawahi kuzungumza x86 wala ARM. Ina lugha yake ya tatu kabisa, na hata kwenye kompyuta ya x86 draiva, programu inayounganisha mfumo na kadi hiyo, huiandalia kazi upya. Box64 imejengwa kwa kulitumia hilo: gemu inapoita maktaba za kawaida za mfumo, yaani vipande vya programu vinavyotumiwa na wote, inaunganishwa na maktaba halisi za ARM badala ya kufasiriwa mpaka ndani. Windows 11 ina mpango unaofanana na huo kwa sehemu zake yenyewe. Ndiyo maana gemu yenye picha nzito inaweza kuathirika kidogo kuliko ulivyotarajia, huku ile ya ramani na takwimu, yenye miji mia na majeshi elfu yanayopigiwa hesabu kila zamu, ikazidiwa. Ya pili inaifanyisha kazi prosesa, si kadi.

Penye ugumu wenyewe

Nisieleweke vibaya, ukalimani huu si mteremko. Amri ya x86 inaweza kuwa na baiti moja au kumi na tano, na hujui inayofuata inaanzia wapi mpaka uielewe iliyotangulia. Ya ARM ya biti 64 daima ni baiti nne. x86 pia huacha alama baada ya hesabu nyingi (jibu lilikuwa sifuri? lilikuwa hasi? lilifurika?) hata kama hakuna atakayeziuliza. Mkalimani mzuri hujifunza kukisia ni alama zipi zitaulizwa na kuziacha nyingine. Haya yamezoeleka.

Lililosumbua zaidi ni adabu ya kumbukumbu.

Prosesa za leo zina viini kadhaa vinavyofanya kazi kwa pamoja juu ya kumbukumbu moja. Chukua kiini cha kwanza kinachoweka barua mezani, kisha kinawasha taa kumjulisha mwenzake kwamba barua ipo. Kiini cha pili kinaitazama taa. Ikiwaka, kinachukua barua. Kwenye x86 kanuni ni kali: aliyeweka barua kabla ya kuwasha taa, wengine wote wataviona hivyo hivyo, barua kwanza, taa baadaye. ARM ni legevu kwa makusudi, ili chipu iwe na uhuru wa kupanga kazi zake. Kiini cha pili kinaweza kuiona taa inawaka huku barua haijafika mezani. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya ARM inalijua hilo na huweka vizuizi panapohitajika. Gemu ya x86 haijui. Haijawahi kuwa na sababu ya kujua.

Ukiipeleka gemu hiyo kwenye ARM bila uangalifu, itacheza vizuri kwa nusu saa, kisha siku moja mhusika atapotea ukutani au gemu itajifunga bila kutoa maelezo, na ukirudia hatua zilezile haitokei tena. Ili kuwa salama, mkalimani analazimika kuweka tahadhari karibu kila gemu inapogusa kumbukumbu, na gemu hugusa kumbukumbu muda wote. Hapo ndipo kasi nyingi hupotea. Apple walilitatua kwenye chipu yenyewe: prosesa za M zina swichi inayozifanya zifuate mpangilio mkali wa x86 pale programu iliyotafsiriwa inapokimbia. Watu wengi wanaousifu wepesi wa Rosetta 2 wanasifu swichi hiyo bila kujua.

Kuna na kichekesho cha gemu kongwe. Mtu hudhani gemu ya miaka ya tisini ni laini, itapita bila jasho. Mara nyingi hupita. Lakini nyingi za zama hizo zilipiga hesabu za desimali kwa kutumia sehemu ya kale ya x86 yenye usahihi wa biti 80, na ARM haina kitu kama hicho. Mkalimani anabaki kuziiga hesabu hizo kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kinachookoa ni kwamba gemu yenyewe haikuhitaji nguvu nyingi tangu mwanzo.

Upande wa pili wa umri, gemu mpya zinadai amri za kisasa za AVX na AVX2, zinazopiga hesabu nyingi kwa mpigo mmoja. Mkalimani asiyezijua, gemu haifunguki. Rosetta 2 ilizijifunza mwaka 2024, na Microsoft nao wakaziongeza kwenye Prism. Kwa hiyo shuhuda la miaka mitatu iliyopita kwamba gemu fulani haichezi linaweza kuwa la kweli kwa wakati wake na la uongo leo.

Mambo mawili yanayobebeshwa ARM bure

La kwanza ni mfumo endeshi. Gemu ya Windows huomba huduma kwa majina ya Windows. Ukiipeleka Linux au macOS, hata kama prosesa ni ileile ya x86, anayejibu majina hayo hayupo. Kazi ya kuyajibu hufanywa na Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, na tangu 2018 na Proton ya Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, iliyojengwa juu yake. Wine haigeuzi lugha ya prosesa hata kidogo. Jina lake lenyewe ni kifupi cha maneno yanayokana kwamba ni emuleta. Mfano hai ni Steam Deck ya mwaka 2022, mashine ya gemu ya kushika mkononi inayotumia Linux. Wapo wanaoitaja kama ushahidi kwamba gemu za Windows zinacheza kwenye ARM, ilhali prosesa yake ni ya AMD, x86 halisi. Kinachobadilika pale ni mfumo tu.

Kwenye simu ya Android mambo haya hukutana yote. Programu kama Winlator humweka Wine ajibu maombi ya Windows, na Box64 afasiri amri za prosesa, kisha maombi ya picha ya Direct3D, mtindo wa Windows, yageuzwe kuwa ya Vulkan, mtindo mwingine, ili kadi ya simu iyaelewe. Wakalimani watatu wamepanga foleni. Sasa tazama malalamiko ya watumiaji: simu mbili zenye prosesa zinazokaribiana, moja inacheza, nyingine inatoa ukuta mweusi. Mara nyingi tofauti ni draiva ya michoro. Wenye kadi za Adreno, zilizomo kwenye chipu za Snapdragon, wana draiva huria ya Turnip inayoelewa mahitaji ya gemu za kompyuta, wakati wenye kadi nyingine hutegemea draiva iliyoandikwa kwa kufikiria programu za simu. Hata namna ya kufungasha picha hutofautiana: gemu za kompyuta huja na picha zilizobanwa kwa mtindo ambao baadhi ya kadi za simu hazijui kuufungua. Prosesa haimo katika ugomvi huo.

La pili ni walinzi. Gemu za mashindano mtandaoni huja na programu za kukamata wadanganyifu, na baadhi yao hukaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo endeshi, mahali pa draiva. Na mkalimani wa Windows haruhusiwi huko. Anafasiri programu za kawaida tu. Kila kinachoingia kwenye kiini lazima kiwe kimeandikwa kwa ARM tangu mwanzo. Ndiyo sababu gemu nyepesi kabisa kwa picha inaweza kukataa kufunguka kwenye mashine inayocheza nyingine nzito mara tatu yake. Dawa yake ni mwenye programu ya ulinzi kuiandika upya, na hilo ni uamuzi wa kibiashara zaidi kuliko wa kiufundi. Mwaka 2025 Epic Games walitangaza kuileta Easy Anti-Cheat yao kwenye Windows ya ARM, pamoja na Fortnite. Chipu hazikubadilika siku hiyo.

Sifa mbaya ya ARM, hata hivyo, haikuzuka hewani. Windows RT ya mwaka 2012 haikuwa na mkalimani yeyote. Programu zote za zamani zilikataa. Windows 10 ya ARM ya mwaka 2017 ilikuja na mkalimani wa biti 32 peke yake, wakati gemu kubwa zilikuwa zimekwisha hamia biti 64, ambazo zilisubiri hadi Windows 11 mwaka 2021. Kwa upande wa Mac, lawama imeangukia asiyehusika kabisa. Gemu nyingi za zamani za Mac zilikufa mwaka 2019, macOS Catalina ilipoacha kuendesha programu za biti 32, na wakati huo kila Mac ilikuwa na prosesa ya Intel. M1 ilipofika mwaka uliofuata ilikuta kaburi tayari, ikaambiwa ndiyo iliyoua.

Swali ambalo msomaji makini atakuwa nalo: kwa nini wasiandike gemu upya kwa ARM yakaisha? Baadhi wanafanya hivyo. Baldur's Gate 3 na Cyberpunk 2077 zina matoleo ya Mac yanayozungumza ARM moja kwa moja, na kila gemu ya Nintendo Switch tangu 2017 imeandikiwa ARM. Doom ya mwaka 1993 inacheza kwenye karibu kila kitu chenye skrini kwa sababu msimbo wake, maandishi asilia ya waandaaji, ulitolewa hadharani mwaka 1997, na mwenye msimbo anaweza kuuandaa upya kwa prosesa anayoitaka. Lakini gemu ya kawaida imejaa vipande vilivyonunuliwa kwa kampuni nyingine, vya sauti, vya fizikia, vya video, ambavyo mtengenezaji hana msimbo wake. Studio nyingine zimefungwa. Na hata pale msimbo upo, gemu inabidi ijaribiwe upya yote, kazi ambayo kwa gemu ya miaka kumi iliyopita hailipi.

Basi gemu ikikusumbua kwenye ARM, tazama inavyosumbua. Isipofunguka kabisa, shuku mlinzi au amri ambazo mkalimani hazijui. Ikifunguka na picha zikawa nyeusi au zimepinda, shuku draiva ya michoro. Ikikwama mwanzoni kisha ikatulia, ipe muda daftari lijae. Ikiwa nzito muda wote, jaribu kupunguza ubora wa picha: ikibaki nzito vilevile, kadi si tatizo, na hapo kweli unaweza kuinyoshea prosesa na mkalimani wake kidole. Ikijifunga ovyo bila mpangilio, pengine ni ile barua na taa. Baadhi ya emuleta zina kipengele cha kuongeza ukali wa kumbukumbu, kinachopunguza kasi na kuleta utulivu.

Wakati huohuo hali zinabadilika kwa mwelekeo wa kushangaza kidogo. Novemba 2025 Valve walitangaza Steam Frame, miwani ya gemu yenye prosesa ya ARM ya Snapdragon, ikitumia FEX kufasiri gemu za x86 humohumo ndani. Apple nao, baada ya kumaliza safari yao ya kuhama Intel, wamesema Rosetta 2 itaendelea kama ilivyo hadi macOS 27, kisha itaondolewa, isipokuwa sehemu moja itakayobakizwa kwa ajili ya gemu za zamani ambazo hakuna tena anayezitunza.